Hofu Isiyo na Injili

Kijana mmoja wa darasa la kipaimara aliniletea simu yake akaniuliza, "Mchungaji, jehanamu ndivyo ilivyo?" Alikuwa akitazama The Beyond, filamu ya Kiitaliano ya mwaka 1981 iliyoongozwa na Lucio Fulci. Jioni ile niliitazama yote.

Ni hadithi ya hoteli moja huko Louisiana, Marekani, iliyojengwa juu ya mojawapo ya milango saba ya kuzimu. Mwanamke anairithi, na anapoikarabati wafu wanaanza kuamka. Picha zake hazisahauliki: binti kipofu na mbwa wake katikati ya barabara ndefu inayopita juu ya maji, na mwishoni, uwanda wa kijivu uliotapakaa miili, na watu wawili ambao macho yao yamegeuka meupe. Lakini ukiuliza kwa nini jambo hili limefuata lile, hupati jibu. Mwema na mbaya wanaangamia sawasawa.

Mwanzo wake tu ndio unaoeleweka. Mwaka 1927 kundi la watu linamvamia mchoraji hotelini. Wanamwita mchawi, wanampiga kwa minyororo, wanampigilia misumari ukutani na kummwagia chokaa. Anawaonya kwamba yeye peke yake ndiye awezaye kuwaokoa. Hawasikii. Wanamwua, na mlango wa kuzimu unafunguka.

Wapendwa, watu hao tunawajua. Katika nchi yetu bibi zetu wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni. Waliowaua hawakujiona waovu. Walijiona wanajikinga na uovu.

Hapo nikakumbuka mahubiri yangu ya miaka ya mwanzo. Nilieleza moto, funza na giza mpaka vijana wakaja mbele wakilia. Baada ya ibada mama mmoja mzee alinisubiri mlangoni. "Baba Mchungaji," alisema, "moto tumeuona. Yesu alikuwa wapi?" Sikuwa na la kumjibu. Niliwapa watu picha za kutisha bila Injili, nikawarudisha majumbani na hofu yao.

Sisemi kwamba hukumu haipo, wala kwamba tusimche Mungu. Lakini katika Katekisimo Ndogo, Martin Luther anapoeleza amri, kumcha Mungu hakukai peke yake. Daima kunakwenda pamoja na kumpenda. Anayemcha Mungu kwa upendo humkimbilia Yeye. Mwenye hofu tupu hutafuta mtu wa kumpigilia ukutani.

Kesho yake nilimwambia yule kijana, "Jehanamu sijaiona. Ila watazame tena wale watu wa mwanzo. Mlango waliufungua wao wenyewe, kwa kuogopa."

Msharika mwenzangu, siku utakaposikia mzee wa jirani ananong'onwa kuwa mchawi, usingoje kuona mambo yataishia wapi. Nenda kwake mchana kweupe, watu wakikuona, ukamjulie hali. Keti, unywe chai yake. Huenda ndivyo mlango ule utakavyofungwa katika mtaa wako.