Oili ya Kupima na Muuzaji Asiyejua Anachouza



Swali ninalotaka tulitazame pamoja linaonekana dogo, na sijalikuta kwa jina lake katika kitabu chochote tunachosoma darasani: je, mwenye kuendesha pikipiki aiamini oili ya kupima? Namaanisha ile inayotoka kwenye pipa, ikamiminwa kwenye chupa ya maji, haina jina wala lakiri, na bei yake iko chini ya ile ya kopo. Aliyeniuliza ni kaka yangu. Yeye ni mmotari kwetu Kizuka, upande wa Rumonge, na pikipiki anayoendesha si yake; kila jioni anapeleka fedha kwa mwenye nayo. Aliniuliza kama watu wa nyumbani wanavyomuuliza kila anayesomea dini: halali au haramu? Nilipomjibu kwamba inategemea, alicheka akasema jibu hilo hata fundi wake analo.

Tuanze na oili yenyewe, maana walimu wetu wanatukumbusha kila siku kuwa huwezi kulihukumu jambo usilolielewa. Pikipiki ndogo tulizozizoea hubeba oili kama lita moja tu, na lita hiyo moja ina kazi tatu: inalainisha injini, inalainisha gia, na inaziogesha sahani za klachi, ambazo kwenye pikipiki nyingi za aina hii zimezama ndani ya oili hiyo hiyo. Kwenye gari injini ina oili yake na gia zina yake. Kwa hiyo hata oili nzuri ya gari inaweza kuwa mbaya kwa pikipiki. Baadhi yake hutiwa dawa za kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Wajapani waliweka kipimo cha oili za pikipiki, JASO, mwaka 1998, kwa ajili ya tatizo hilo. Herufi MA kwenye kopo zinakuambia kuwa oili hiyo inaifaa klachi ya namna hiyo. Chupa ya maji haina herufi.

Pipa lenyewe halina kosa. Oili husafirishwa kwa mapipa duniani kote, na gereji kubwa hununua hivyo kwa sababu ni nafuu. Anayesema "ya pipa ni feki" amefanya haraka. Wala kopo lililofungwa si ushahidi kamili: makopo matupu huokotwa, yakajazwa upya na kurudi dukani, ndiyo maana fundi mwangalifu hulitoboa kopo kabla ya kulitupa. Hofu ya pipa ni kwamba oili iliyokwisha kutumika, ikachujwa na kusafishwa rangi, inaweza kuchanganywa humo na jicho lisione. Oili ya namna hiyo imeshapoteza dawa zake na imebeba vumbi la chuma. Haikosi kazi, kupaka nguzo dhidi ya mchwa inafaa sana, na kuiuza kwa jina hilo hakuna ubaya. Ubaya ni kuiita oili ya injini.

Sisi watu wa Rumonge tumelelewa na mafuta. Mama akifika sokoni kununua mawese hahitaji lakiri ya kampuni: anatazama rangi, ananusa, anatia tone kwenye ulimi, na akipewa yaliyochacha anamrudishia muuzaji papo hapo kwa maneno ambayo jarida hili haliwezi kuyachapa. Ndagala ni vilevile. Mnunuzi na muuzaji wanakaribiana kwa ujuzi, na ukaribu huo unalilinda soko kuliko askari. Kwa oili ya injini ulimi hausaidii. Wamotari wana vipimo vyao: kuisugua kati ya vidole, kuidondoshea karatasi, kutonesha tone kwenye chuma cha moto wasikie kama linapasuka-pasuka. Vipimo hivyo vina ukweli wake, kwani karatasi huonyesha masizi na mpasuko huonyesha maji. Lakini hakuna kidole kinachohisi kama dawa ya kulinda chuma ingalimo.

Sasa fiqhi. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tumekulia, wanasema kuona sehemu ya bidhaa kunatosha ikiwa sehemu hiyo inaijulisha iliyobaki, kama juu ya rundo la ngano. Vilevile gharar ndogo isiyoepukika husamehewa. Imam an-Nawawi anatoa mfano wa nyumba inayonunuliwa bila kuonekana msingi wake, na joho lililojazwa pamba bila kuonekana pamba yake. Kaka yangu angefurahi kama ningeishia hapo: oili ya kupima ni kama msingi wa nyumba, tawakali, endelea na safari. Mimi sioni hivyo. Msingi umefichika kwa sababu ndivyo nyumba zilivyo. Asili ya oili imefichika kwa sababu kuna mtu aliitoa kwenye chombo chenye jina lake akaitia kwenye kisicho na jina. Muuzaji anayeliweka pipa mbele ya duka na maandishi yake, akamimina ukiona, amebakisha sehemu ya ushahidi. Anayekuletea chupa kutoka nyuma ya pazia ameufuta wote.

Na mara nyingi huyo wa nyuma ya pazia si mwizi. Ukimbana atakuambia, "Na mimi nimenunua hivyo hivyo," na huenda ni kweli. Hapa ndipo penye swali lenyewe: je, asiyejua anachouza ana udhuru?

Tuirejee hadithi ya Abu Hurayra katika Sahih Muslim, ya Mtume (s.a.w.) alipoingiza mkono kwenye rundo la chakula sokoni na vidole vyake vikakuta unyevu. Tumezoea kuisimulia kama kisa cha tapeli. Lakini yule muuzaji hakukiloweka chakula chake. Alisema kimenyeshewa, na Mtume (s.a.w.) hakumbishia kuhusu mvua. Alichomuuliza ni kwa nini hakukiweka kilicholowa juu ili watu wakione. Mvua haikuwa kosa lake. Kuuacha unyevu chini kulikuwa kosa lake. Muuzaji wa oili asiyejua ilikotoka naye amenyeshewa. Kutojua kwake ndio unyevu, na anatakiwa auweke juu: "Ndugu yangu, hii sijui asili yake, bei yake ni hii." Akisema hivyo, mnunuzi anachagua kwa macho yake. Akinyamaza, anauza kwa sura ya mtu anayejua, na sura hiyo ndiyo inayolipiwa.

Imo pia katika Muwatta ya Imam Malik kesi ya Abdullah bin Umar, ambaye alimuuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kutodaiwa kasoro. Mnunuzi akalalamika kuwa ana ugonjwa. Sayyidna Uthman akamtaka Ibn Umar aape kwamba alipouza hakuujua ugonjwa huo; akakataa kuapa, akamchukua mtumwa wake. Tazama kiapo kilihusu nini: ulijua au hukujua? Ndiyo maana Mashafi hawakulifungua mlango wazi sharti la "chukua kama ilivyo". Kauli yao yenye nguvu ni kwamba linamwokoa muuzaji kwa kasoro iliyofichika ndani ya mnyama hai ambayo yeye mwenyewe hakuijua, na haliendi zaidi ya hapo. Oili si mnyama.

Mtu atasema: basi mnunuzi ana haki ya kurudisha, kuna wasiwasi gani? Wasiwasi ni kwamba kasoro ya oili hujitokeza baada ya miezi, oili imeshamwagwa, chupa ina mafuta ya taa, na mafundi watatu watakupa sababu nne. Wakati mwingine inajitokeza barabarani. Injini ikikamata ghafla gurudumu la nyuma linaweza kufunga, na nyuma ya kaka yangu amekaa mama mwenye mtoto mgongoni. Haki ambayo haiwezi kudaiwa baada ya mauzo inaongeza mzigo wa kusema kabla ya mauzo. Kwa hiyo nilimjibu: kwa anayekufunulia, nunua ukitaka, kama chombo ni chako. Kwa anayenyamaza, usiiweke rehani injini ya mwenzako na mgongo wa abiria.

Kaka alinisikiliza, kisha akaniambia kitu ambacho sikukipata kitabuni. Hesabu ya silinda na pistoni anaijua vizuri. Lakini tofauti ya bei ya kopo inalipwa leo kabla ya chakula cha watoto, na silinda inalipwa siku isiyojulikana. Na mwenye pikipiki, jioni, huuliza fedha tu. Hajawahi kuuliza oili gani.

Hapo mimi nasimama na kaka yangu. Katika mlango wa ijara, Mashafi wanasema anayekodisha mnyama wa kupanda ndiye anayeleta tandiko na kamba zake, kwa sababu bila hivyo mnyama hatumiki. Petroli, kwa desturi yetu, ni ya mmotari, nami sibishani na desturi. Oili naiona iko karibu na tandiko kuliko majani ya njiani: inalinda mali ya mwenye mali. Anayetoza kiasi ambacho kinamwachia mmotari uwezo wa chupa tu, kisha akamdai injini ikifa, amekula faida ya unafuu na kumtupia mwenzake hasara yake. Wataalamu wa ijara kuliko mimi wanaweza kunipinga katika mfano wa tandiko, na ukurasa huu uko wazi kwao. Wallahu a'lam.