Dalali wa Mnunuzi

Ndugu yetu wa pwani aendae Mwanza kutafuta nyumba, Kirumba au Nyegezi, hupokewa na dalali. Humtembeza, humsifia upepo wa ziwa, tena humwita shekhe. Ujira wa dalali si haramu. Ibn Sirin na Ata hawakuona ubaya ndani yake. Lakini ujira huu ni fungu katika bei: bei ikipanda, nao hupanda. Basi ni nani atakaemwambia mgeni ya kuwa sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imezuia kazi za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni? Au ya kuwa kiwanja hakijapimwa, na warithi hawajaridhiana?

Wengine husema: na awe na dalali wake mwenyewe. Ni kweli, ila kwa sharti. Akimlipa huyo naye kwa fungu la bei, amenunua mdomo wa pili wa kusifu. Na ampe ujira maalumu, uliotajwa mbele, aupate hata akisema, "Usinunue." Hapo ndipo huwa wakili, na uwakili ni amana, akipokea kitu kwa siri kwa auzae, ni khiyana, wala asikiite bakhshishi. Na kazi yake ya kwanza si kutazama nyumba, ni kwenda ofisi ya ardhi kutazama hati ni ya nani.