Haki Isiyodaiwa

Mwaka 2012 Asma Khan alikuwa na shahada ya uzamivu ya King's College London, katika sheria ya katiba ya Uingereza. Mwenye elimu hiyo hutarajiwa darasani au mahakamani. Yeye mwaka huohuo akaanza kuwapikia wageni wa kulipa nyumbani kwake London, na mwaka 2017 akafungua mgahawa, Darjeeling Express, kule Soho. Jikoni ni wanawake pekee, na hakuna aliyesomea upishi chuoni. Wengi ni wahamiaji wa Asia Kusini waliojifunza kupika kwa mama zao; wengine kabla ya hapo walikuwa wakilea watoto wa watu.

Husemwa kwamba aliiacha sheria. Mimi naona alihamia pale ambapo sheria haioni.

Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu chake cha maadili cha 1797, aligawa wajibu mafungu mawili: ule ambao mtu anaweza kushurutishwa kuutimiza, na ule usioshurutishika. Deni hulipwa hata kwa kusukumwa, lakini ukarimu wa kusukumwa umekwisha kuwa kitu kingine. Mgawanyo huo una rehema yake, kwani mdai hahitaji kupendwa na mdaiwa. Hakimu hakuulizi kama ulilipa kwa moyo mkunjufu.

Sasa chukua kuzaliwa kwa mtoto. Khan alizaliwa Kolkata mwaka 1969, binti wa pili, na amesimulia mara nyingi jinsi familia za huko zinavyompokea binti wa pili kwa masikitiko, maana mahari huko hutoka upande wa mke. Katiba ya India ya 1950 inaikataza dola kumbagua raia kwa jinsia yake. Vema. Lakini ni kifungu gani kitakachomlazimisha bibi mzaa baba agawe halua kwa majirani? Furaha haina hati ya mashtaka. Mgahawa wa Khan unachangia mfuko wa kusherehekea mabinti hao, na sidhani kuna njia nyingine: msomi wa katiba hawezi kuishtaki huzuni, anachoweza ni kuandaa sherehe.

Jikoni mambo yanakuwa magumu zaidi. Mwanamke aliyeipikia familia yake maisha yake yote amdai nani? Hana mkataba wala mwajiri, na mara nyingi hata mwenyewe hajihesabu kuwa mpishi, anajihesabu mama. Dai huanza kwa mtu kujua kwamba alichonacho kina thamani. Kabla ya hapo haki inamngoja mlangoni kwa adabu, na anaweza kuzeeka bila kuufungua. Lazima pawe na jicho la mwenzake linalotangulia, linaloonja mchuzi na kusema: hii ni kazi, na kazi ina mshahara.

Tuna methali tunayoitoa kwa kicheko: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida huwa kijembe kwa mgeni asiyejua kuondoka. Mimi naisoma kutoka upande wa mgeni. Anayelishwa kila siku habanduki ugenini. Anayepewa jembe amehesabiwa miongoni mwa wenyeji. Kant huyohuyo, mwaka 1795, aliandika kwamba mgeni ana haki ya kutofanyiwa uadui, lakini kukaribishwa nyumbani hawezi kukudai. Mwanamke mhamiaji anaweza kuwa na vibali vyote, haki zake kamili, na miaka ikapita hakuna aliyemkabidhi jembe.

Mwenye shaka atasema huu ni mgahawa tu, na biriani inauzwa kwa bei za Soho. Kweli, na naona ndiyo nguvu yake. Angekuwa anagawa chakula bure, wapishi wake wangekuwa wasaidizi wa mama mwema. Kwa kuwa kinauzwa, mteja anatoa pesa kwa sababu chakula ni kitamu, naye hahitaji kumhurumia yeyote.

Shaka inayonisumbua mimi ni nyingine. Jiko hili limetegemea jicho la mtu mmoja. Yaya wa mtaa wa pili asiyekutana naye hakupata kitu, ilhali sheria, pamoja na ubaridi wake wote, humfikia hata asiyejulikana. Siku za Jumapili Khan amewahi kuwaachia wanawake wengine jiko wajaribu vyakula vyao, na bado mlango ni mmoja.

Ila aliyeingia kupitia mlango huo hakubaki mikononi mwa wema. Sasa ana saa za kazi, likizo, na tarehe ya mshahara. Siku mshahara ukichelewa, yule ambaye jana hakuwa na la kudai anaweza kumpeleka mwajiri wake mbele ya mahakama ya kazi, hata kama mwajiri ni Khan, na Khan, kwa elimu yake, angekuwa wa kwanza kujua nani atashinda.