Asili ya Utamu

Rafu za maduka ya Muscat, London na Toronto zimejaa siku hizi vitu vinavyotaka kukaa mahali pa sukari: asali ya tende katika chupa, unga wa stevia katika pakiti ndogo, sukari ya mnazi yenye rangi ya udongo, na sukari guru, ambayo bibi aliyekulia Pemba au Mombasa hakuihesabu kamwe kuwa dawa. Vyote hubeba dai moja, kwamba ni vya asili. Wanunuzi wengi hulipokea dai hilo kama jibu. Kwa msemaji wa Kiswahili lingepasa kuwa mwanzo wa swali, maana neno lenyewe katika lugha yake lina nyuso mbili.

Uso wa kwanza ni ule wa maliasili na dawa za asili: kitu kilichopo bila ya kiwanda. Uso wa pili ni wa chimbuko. Mtu husemwa kuwa asili yake ni Lamu, au Sur, au Ujiji. Na asiyejulikana atokako husemwa kuwa hana asili wala fasili. Aliyeishi ugenini miaka mingi ameulizwa mara nyingi asili yake ni wapi, naye anajua kwamba muulizaji hataki habari za mifupa na damu. Anataka kujua njia iliyomleta. Wauza vitamu hutumia uso wa kwanza wa neno na kuuacha wa pili, na ni huo wa pili wenye uzito wa kimaadili.

Hata huo wa kwanza haukai imara. Muwa ni nyasi, umeota ardhini kama ulivyoota mtende. Sukari nyeupe ni maji ya mmea yaliyochemshwa, yakachujwa na kusafishwa mpaka kila kitu kingine kimetoka. Sukari guru imesafishwa kidogo, ya mnazi vilevile. Lakini sehemu kubwa ya zote mbili ni sukrosi, kitu kilekile kilichomo katika kopo la sukari ya dukani. Asali ya nyuki ni sukari kwa kadiri ya sehemu nne katika tano za uzito wake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, liliweka asali, shira na maji ya matunda katika fungu moja na sukari inayotiwa chakulani, likashauri fungu hilo zima lisivuke sehemu moja ya kumi ya nguvu ambazo mtu huzipata kwa siku, na ikiwezekana lishuke hadi nusu ya hapo, yaani kama gramu 25, vijiko sita vya chai. Tende nzima haimo katika fungu hilo, ingawa zaidi ya nusu ya uzito wake ikikauka ni sukari, kwa kuwa nyuzinyuzi zake zipo na mlaji huitafuna. Ikishakamuliwa ikawa asali ya tende, imeingia. Mtende ni uleule. Kilichobadilika ni kazi ya mkono.

Stevia ina habari yake. Haina sukari kabisa. Utamu wake watokana na glikosidi za majani, ambazo zikitengwa huipita sukari kwa mara mia mbili na zaidi. Ule unga mweupe wa pakiti ndogo, hata hivyo, umepitia viwanda kuliko sukari guru yoyote. Na mwaka 2023 Shirika hilohilo lilishauri kwamba vitamu visivyo sukari, stevia ikiwamo, visitegemewe kama njia ya kudhibiti uzito, ingawa ushauri huo haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari.

Hapa ndipo jambo linapoacha kuwa la kemia. Katika kila jamaa ya Waswahili walio nje wamo wenye kisukari, na katika kila hitima, harusi na futari ipo birika ya chai. Mwenyeji mwema, akimwona mzee anasita, humwambia: kunywa tu baba, haina sukari, nimetia asali ya tende. Hakusema uwongo, kwa kuwa anaamini alisemalo. Lakini mzee ana hesabu yake. Anajua dawa aliyokunywa asubuhi, anajua wali alioula, naye hukata shauri juu ya kikombe kilicho mbele yake kwa kutegemea neno la aliyekipika. Neno hilo likiwa bovu, aliyedhurika si mlaji pekee bali na uaminifu kati ya mwenyeji na mgeni, ambao ni amana kama amana nyingine. Mgeni hawezi kuingia jikoni kukagua masufuria. Amekabidhi mwili wake kwa ulimi wa mtu mwingine.

Pingamizi moja linastahili kusikilizwa kwa makini, nalo ni la sitara. Adabu ya pwani haipendi maradhi ya mtu yatangazwe barazani. Kumtenga mzee kwa kikombe chake, kumwuliza mbele ya watu kama anaruhusiwa, kumtolea hesabu ya vijiko, ni kumvua nguo. Lugha yenyewe imeficha makali ya ugonjwa huu: imeuita kwa jina lilelile la ndizi kisukari, ile fupi tamu wapewayo watoto. Basi yaweza kusemwa kwamba mwenyeji anayesema haina sukari anamhifadhi mzee, na kwamba neno lake ni la heshima zaidi kuliko la habari.

Pingamizi hili lina nguvu, lakini linachanganya vitu viwili. Kinachohitaji sitara ni mwili wa mgeni. Chungu cha mwenyeji hakina aibu ya kufichwa. Mtu aweza kusema kwa wote waliokaa, bila kumtazama yeyote, kwamba chai hii ina asali vijiko vitatu kwa birika na ile ni kavu, kisha akaachia mikono ichague. Sitara imebaki na ukweli umebaki. Anayeshindwa na jambo dogo hilo mara nyingi hakuzuiwa na adabu. Amezuiwa na kule kutaka karamu yake isifiwe, na ni vyema aibu hiyo iitwe kwa jina lake.

Heshima ya dini nayo hutumiwa vibaya hapa. Surat An-Nahl imetaja ponyo lililomo katika kinywaji kitokacho matumboni mwa nyuki, na kufuturu kwa tende ni sunna inayojulikana na kila mtoto wa madrasa. Kutoka hapo watu huruka hadi kwenye ruhusa isiyo na kipimo, kana kwamba kitu kikisifiwa hakiwezi tena kudhuru. Asali hiyohiyo madaktari huikataza kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, kwa ajili ya vijidudu viwezavyo kumtia sumu, na hakuna aliyeona kwamba katazo hilo linapingana na Aya. Waliosema mchovya asali hachovyi mara moja hawakuwa wakiitukana asali.

Uso wa pili wa neno unataka kujua mikono. Mwaka 1791 William Fox alichapisha huko London kijitabu kilichowataka Waingereza waache sukari ya visiwa vya Karibi kwa sababu ililimwa na watumwa. Alifanya hesabu ya kutisha: familia inayotumia ratili tano kwa wiki, ikijizuia miezi ishirini na mmoja, imemwokoa mtu mmoja na utumwa au kifo. Thomas Clarkson, aliyezunguka nchi wakati huo, alikadiria kwamba watu 300,000 waliiacha. Wengine walihamia kwenye sukari ya India, na baadaye zikauzwa bakuli za sukari zenye maandishi kwamba iliyomo haikutengenezwa na watumwa. Hilo labda ndilo dai la kwanza la usafi kuandikwa juu ya chombo cha utamu. Lilizungumzia mikono, na mmea haukutajwa.

Ng'ambo ya Atlantiki badala iliyotafutwa ilikuwa mti wa mepo wa misitu ya baridi, ambao utomvu wake huchemshwa ukawa sukari. Thomas Jefferson aliupenda mpango huo, kwa kuwa sukari ya mti huo ingeweza kupatikana bila ya mashamba ya watumwa, na mwaka 1791 alipeleka miche Monticello. Monticello lilikuwa shamba la watumwa, wake mwenyewe. Badala safi ilipandwa katika udongo uleule iliokusudiwa kuukana, na miche mingi ikafa.

Msomaji wa Kiswahili asiicheke hadithi hiyo upesi. Kandokando ya mto Pangani, katika karne ya 19, mashamba ya miwa yalilimwa na watumwa, na Abushiri bin Salim, ambaye leo hukumbukwa kwa kupigana na Wajerumani hadi wakamnyonga Desemba 1889, alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo. Na tende, ile badala safi kupita zote? Pwani ya Batinah nchini Oman ilipeleka tende zake hadi New York katika karne hiyohiyo, na miongoni mwa waliozimwagilia na kuzichuma walikuwa Waafrika waliovushwa bahari kutoka nchi za Waswahili. Utumwa Oman ulifutwa kwa sheria mwaka 1970, katika uhai wa wazee ambao bado wanakaa barazani. Katika ngome za Nizwa na Jabrin mgeni huonyeshwa chumba chenye sakafu ya mifereji, ambamo magunia ya tende yalipangwa moja juu ya jingine mpaka uzito wao ukaikamua asali yenyewe. Huonyeshwa pia matundu ambayo asali hiyo ilimwagwa ikichemka juu ya vichwa vya adui.

Je, asali ya tende iachwe basi? Hapana, dhambi haishiki katika mzizi, na mkulima wa leo hana deni la bwana wa jana kwa sababu tu amerithi kisima. Lakini mtu wa Muscat ambaye babu yake alimiliki mitende, na jirani yake ambaye bibi yake aliinywesha maji, hawaisomi lebo ya asili kwa jicho moja. Lebo imewaomba wote wawili wasahau.

Stevia nayo ina wenyewe. Waguarani wa Paraguay na Brazil walilijua jani hilo kizazi baada ya kizazi kabla Moisés Bertoni hajaliandika katika elimu ya mimea mwaka 1899. Leo linauzwa duniani kote, na Waguarani wamedai wapewe sehemu ya faida. Picha ya jani la kijani juu ya pakiti haisemi neno kuhusu hilo.

Limebaki swali ambalo wauzaji hawalipendi, la kama kubadilisha ni kuacha. Anayetia vijiko vitatu vya asali mahali pa vijiko vitatu vya sukari amehama nyumba akabeba vyombo vyote. Ulimi wake bado unadai kwamba kila kinywaji kiwe kitamu, na kila badala huulisha ulimi huohuo. Pengine ndiyo sababu kahawa ya Waarabu na ya pwani yafaa kutazamwa upya. Hunywewa chungu, na utamu hukaa pembeni, katika sahani ya tende au kashata. Mtu aweza kula tende moja, au tatu, au akainywa kahawa peke yake, na hakuna atakayejua sababu. Anayemimina hujaza finjani kidogo kidogo, na ataendelea kumimina mpaka mgeni aitikise.