Uongo wa kasala na uongo wa sinema

Hapa mjini mara nyingi tunasikia: hadithi ni uongo tu, basi yote ni sawasawa. Sisi hatukubali. Kuna uongo ambao kila mtu anaujua, na kuna ule unaoingia nyumbani umevaa nguo ya ushahidi.

Tutazame kasala ya Baluba. Mwenye kuiimba kwenye matanga anamwita mtu chui, anamwita mto mkubwa, anataja babu zake mmoja mmoja. Hakuna mtu aliye chui. Lakini yule anayetajwa analia, anatoa zawadi, maana ameambiwa yeye ni wa nani. Tena mwimbaji anasema mbele ya watu wanaojua ule ukoo. Akichanganya majina, watamrudisha palepale.

Mwaka 1986 Groupe Mufwankolo walicheza mchezo juu ya msemo kwamba mamlaka inaliwa nzima. Profesa Johannes Fabian aliwauliza maana yake, wakabishana, njo wakaamua kuufanyia mchezo. Hawakuandika maneno. Walipatana juu ya kisa, kisha kila mchezaji akajitafutia ya kusema kwa Kiswahili chetu cha hapa. Wako wasomi wanaosema ile ni ya kuchekesha tu, wanataka paka vitabu vya Kifaransa. Basi wasome Tram 83 (2014) ya Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi: mji wake hauko kwenye ramani, lakini sisi watu wa migodi tunautambua, tunacheka, halafu tunajiuliza tumecheka nini.

Sasa sinema za Nigeria. Katika Living in Bondage ya 1992, mume anamtoa mke wake sadaka apate mali. Uchawi umo, ndiyo, lakini mwenye kosa ni mume na tamaa yake, nasi tunamwona wazi. Ile ni kazi nzuri. Shida yetu ni zile ambamo ubaya wote unawekwa juu ya bibi mzee ao mtoto wa nyumbani, mchungaji anamwonyesha kwa kidole, na filamu inaisha bila mtu kuuliza alijuaje. Na watazamaji wanasema: "Njo vile iko."

Pale hatucheki tena. Katika miji yetu kuna watoto waliofukuzwa nyumbani kwa sababu waliitwa wachawi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inakataza kumshtaki hivyo. Hatusemi sinema peke yake imeleta hayo. Njaa imo, vifo vimo, hata makanisa mengine yamo. Ila sinema inaipa hofu sura, na ile sura inafanana na mtoto anayelala chumba cha pili.

Kwa hiyo darasani hatuulizi kwanza kama filamu ni ya kweli. Tunawauliza wanafunzi: ilipoisha, nani nyumbani kwenu mulianza kumtazama vibaya? Wengine wanacheka. Wengine wanainamisha kichwa.