Mkono na Jina

Mvuvi wa Mboko, kando ya Ziwa Tanganyika, hatarajii ndagala usiku wa mbalamwezi. Taa yake huwavuta samaki pale tu ziwa lina giza. Mwezi ukijaa, mwanga umeenea kote na taa haina nguvu. Ujuzi huo umejaribiwa vizazi kwa vizazi, na anayeupuuza, ziwa humrudisha na nyavu tupu. Je, mvuvi huyu ni mwanasayansi?

Wengi hujibu ndiyo kwa ukarimu tu. Mimi nasita. Sayansi hudai swali liandikwe, ili mtu asiyekujua alirudie na kukukosoa hata ukiwa umekufa. Mvuvi huzikwa na mashaka yake. Ila kilichompungukia ni daftari, na madaftari yanauzwa sokoni, mjini Baraka. Anayesema kabila fulani, au wanawake, hawakuumbiwa sayansi, atuonyeshe basi ni kipi kingine walichokosa.

Shida ni kwamba hata daftari halitoshi. Mwaka 1976 Jean-Jacques Muyembe, Mkongomani mwenye shahada ya uzamivu kutoka Leuven, alifika kijiji cha Yambuku kuchunguza homa isiyojulikana, akachukua damu za wagonjwa bila glavu. Damu ya mmoja wa wagonjwa wa Yambuku ikapelekwa Antwerp. Kwa miaka mingi tukasimuliwa kwamba homa hiyo, Ebola, iligunduliwa na Peter Piot na wenzake wa Ubelgiji. Muyembe, akitajwa, alikuwa mtu wa kule porini. Kisomo alikuwa nacho, na ujasiri pia.

Kwa hiyo dhana ya nani anafaa sayansi hufanya kazi mara mbili. Binti wa Fizi, eneo la mvuvi wetu, anayeambiwa aache biolojia na kemia, asomee ualimu kwa kuwa ndiyo kazi ya wanawake, huzuiwa mlangoni. Muyembe aliingia, akafanya kazi, kisha majina yakagawiwa yeye akiwa hayupo. La pili naliona baya zaidi, kwani ndilo linalozaa la kwanza: binti yule ataaminije kuwa inawezekana, ikiwa waliokwisha kufanya hawatajwi?

Mwaka 1995, huko Kikwit, Muyembe aliwatia wagonjwa 8 wa Ebola damu ya waliopona. Wataalamu wa kigeni walitilia shaka. Wagonjwa 7 wakapona. Kingamwili za mtu aliyenusurika Kikwit zikazaa dawa iitwayo Ebanga, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2020, na safari hii jina la Muyembe limo miongoni mwa wavumbuzi. Alikuwa na umri wa miaka 78.