Wale Wanne Waliombeba



Alfajiri hapa Kaptagat, kabla ukungu haujatoka msituni, husikika kwanza viatu kwenye murram, kisha wanariadha hupita kwa kundi, pumzi zao pamoja. Nyuma yao, barabara hiyohiyo, hupita mwingine peke yake, mikono ndani ya jaketi. Anaenda kutoa loki, kile kikombe cha kwanza cha chang'aa kinachotuliza mikono inayotetemeka. Kwa miaka mingi kundi nililipungia mkono, huyu nilimhubiria.

Jumapili moja kijana kama huyo alikuja mbele kanisani. Nikamwapisha kwamba hatagusa pombe tena, watu wakapiga makofi. Mama yake akamfungia chumbani ili kiapo kisivunjike. Usiku wa pili akaanza kuwaona watu wasiokuwepo, kisha degedege likamshika. Majirani wakasema ni mapepo. Tulikemea mpaka karibu kuche, ndipo binti mmoja muuguzi akatuamuru tutafute gari, twende Eldoret. Alipona, lakini ilikuwa nusura tumzike, nami ndiye niliyemwapisha.

Hospitalini nilielezwa jambo ambalo ningepaswa kulijua mapema. Pombe hupooza ubongo. Ikiingia kila siku kwa miaka, ubongo huongeza kasi ili kushindana nayo. Ukiikata ghafla, ile kasi inabaki bila breki. Degedege na kuweweseka huja ndani ya siku chache za kwanza, na huweza kuua. Dawa za kumvusha mgonjwa zipo. Kina mama, nawasihi: anayekunywa tangu asubuhi msimfungie. Mpelekeni kwa daktari kwanza.

Na tusiseme tena kwamba anayekunywa hana nia. Henry Rono, jirani yetu wa Nandi, mwaka 1978 alivunja rekodi nne za dunia za mbio ndani ya siku 81. Nani kati yetu ana nia kama ile? Hata hivyo pombe ilimshika huko Marekani, akakosa hata pa kulala. Ilimchukua miaka mingi kuachana nayo, akaja kuwafundisha wengine kukimbia. Alifariki Februari 2024.

Nimeisoma upya Marko sura ya pili. Watu wanne wanambeba aliyepooza, wanatoboa paa la nyumba ya watu, wanamteremsha. Marko anasema Yesu aliiona imani yao. Yao! Mgonjwa mwenyewe hajatamka neno. Mimi nilimdai yule kijana imani ya watu watano, kisha nikamwachia alale nayo peke yake chumbani.

Hapo Eldoret, watu wa mpango wa afya wa AMPATH waliwahi kuwakusanya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI waliokuwa wakinywa, wakakaa kwa vikundi vikao sita vya kila wiki, kwa Kiswahili. Walioviongoza hawakuwa madaktari, ni watu wa kawaida waliofunzwa. Unywaji ulipungua. Nilipolisikia hilo nilihesabu viti vyetu vya plastiki, vinavyokaa bure kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi.

Yule kijana ana kliniki Jumatano, na matatu ya kwenda mjini hupita mbele ya vilabu alivyovizoea. Mama yake atamsindikiza, nami nitakuwepo. Wanahitajika wawili zaidi. Tutaondoka stejini saa moja asubuhi.